Ramani ya Mahali Si Ramani ya Watu

Miongoni mwa mambo mapya yaliyoingia katika maisha ya vijana ni mashindano yaitwayo hakathoni. Vijana wenye ujuzi wa kompyuta hukusanyika katika ukumbi mmoja kwa siku moja au mbili, hugawanyika katika vikundi vidogo, na kabla ya muda kwisha kila kikundi hutakiwa kionyeshe programu iliyotungwa papo hapo na inayofanya kazi. Waamuzi hutazama, hupima na hutoa tuzo. Jina hilo lilianza kutumika mwaka 1999, watunzi wa mfumo wa kompyuta uitwao OpenBSD walipokutana mjini Calgary, Kanada, wakafanya kazi pamoja. Tangu hapo desturi hiyo imeenea dunia nzima, na leo haupiti mwaka bila ya vijana wa Afrika Mashariki kuitana kwa kazi kama hiyo.

Sisi tunaiona desturi hii kuwa ni ya kheri. Kijana anayekesha akitunga kitu kwa akili yake mwenyewe ni hazina, na nchi inayotaka kujitegemea haiwezi kubaki mnunuzi wa akili za wengine siku zote. Hata hivyo, ipo aina moja ya programu ambayo huwavutia sana watunzi wa mashindano hayo, nayo ndiyo tunayotaka kuizungumza leo. Ni programu ya simu inayomwonyesha mtumiaji yale ambayo watu walio karibu naye wameyaweka katika mitandao ya kijamii: picha zao, maneno yao, majina yao na mahali walipo. Mtu hufungua simu, ramani hutokea, na juu ya ramani huonekana nukta nyingi. Kila nukta ni mtu.

Kauli yetu juu ya jambo hili ni moja. Mahali pawe wazi kwa wote, lakini mtu apigiwe hodi. Anayechanganya mambo haya mawili huwapa watu faida kwa mkono mmoja na kuwavunjia heshima kwa mkono wa pili.

Ili jambo lieleweke, na hasa ili viongozi wanaotakiwa kulitolea maamuzi walijue kiini chake, inafaa tueleze kwa ufupi jinsi programu ya namna hii inavyofanya kazi. Simu ya mkononi hupokea ishara kutoka kwa setilaiti zinazozunguka dunia kwa urefu wa kilomita 20,000 na ushei kutoka ardhini. Ikizisikia setilaiti 4 kwa pamoja, huweza kukisia mahali ilipo, na minara ya simu huisaidia. Mpaka mwezi Mei 2000, Serikali ya Marekani, ambayo ndiyo mwenye setilaiti hizo za mwanzo, ilikuwa ikizipotosha kwa makusudi ishara walizopewa raia, hata makosa yakaweza kufika mita 100. Upotoshaji huo ulipoondolewa, chombo cha bei ndogo kikaweza kumjua mtu yupo upande gani wa barabara.

Mahali hapo huandikwa kwa tarakimu mbili, latitudo na longitudo. Mji Mkongwe, kwa mfano, uko kiasi cha nyuzi 6 kusini ya Ikweta na nyuzi 39 mashariki ya mstari wa Greenwich. Programu huchukua tarakimu hizo na kuzipeleka kwenye kompyuta za kampuni ya mtandao wa kijamii pamoja na ombi fupi: nipe kila kilichowekwa na watu walio ndani ya duara la kilomita moja kutoka hapa. Katika miaka ya mwanzo ya 2010, kampuni nyingi ziliuacha mlango huo wazi, na mtunzi yeyote aliyejiandikisha aliweza kuchota. Ramani nayo ilikwisha kuwapo, kwani mradi wa OpenStreetMap, ambao hutengenezwa na watu wa kujitolea, ulianza mwaka 2004.

Hii ndiyo siri ya siku mbili. Kijana wa hakathoni ni kama fundi aliyefika kiwanjani akakuta mawe yamekwisha kuchongwa, chokaa imekwisha kuchomwa na boriti zimekwisha kukatwa. Kazi yake ni kupanga. Hatumdharau fundi huyo, kwani kupanga nako ni ufundi. Lakini anayejenga kwa mawe ya watu inampasa aulize mawe hayo ni ya nani, na swali hilo katika siku mbili za mbio huwa ndilo la kwanza kuachwa.

Faida za kazi ya namna hii hazina ubishi. Jirani zetu wa Kenya walizionyesha mapema. Baada ya uchaguzi wa Desemba 2007 kuzua machafuko, Bibi Ory Okolloh na wenzake walitunga kwa siku chache mwezi Januari 2008 programu waliyoiita Ushahidi, ambayo wananchi waliitumia kutoa habari za ghasia, na habari hizo zikawekwa juu ya ramani ili dunia ijue wapi nyumba zimechomwa na wapi watu wanahitaji msaada. Neno letu la Kiswahili likasafiri na programu hiyo hadi Haiti, ilipotumika baada ya tetemeko la ardhi la Januari 2010. Kilichoonyeshwa juu ya ramani ile kilikuwa ni tukio na mahali pake, kwa ajili ya kuokoa.

Nasi watu wa visiwani hatuhitaji kufundishwa thamani ya kujua mwenzetu yuko wapi. MV Spice Islander I ilizama usiku wa kuamkia tarehe 10 Septemba 2011 ikiwa safarini kutoka Unguja kwenda Pemba, na MV Skagit ikazama tarehe 18 Julai 2012 ikitoka Dar es Salaam. Aliyesubiri bandarini katika siku zile anajua kwamba hakuna swali zito kuliko lile la kuuliza fulani yuko wapi. Kijana atakayetunga njia ya mvuvi kutoa ishara ya mahali alipo pindi mashine yake inapokufa nje ya mwamba, huyo atakuwa amefanya kazi ambayo mabibi na mabwana wa pwani nzima watamshukuru.

Lakini historia ya programu hizi ina upande wa pili, nao umeandikwa waziwazi. Huko Marekani, wanafunzi wawili wa Chuo Kikuu cha New York, Dennis Crowley na Alex Rainert, walianzisha huduma iitwayo Dodgeball, iliyomwezesha mtu kuwajulisha rafiki zake kwa simu kwamba amefika mahali fulani. Google iliinunua mwaka 2005, na ikaifunga mwaka 2009. Mwaka huohuo Crowley na mwenzake Naveen Selvadurai wakaizindua Foursquare mjini Austin, na watu wengi wakapendezwa na mchezo wa kutangaza kila mlango wanaoingia.

Mwezi Februari 2010, vijana watatu wa Uholanzi wakatunga ukurasa walioupa jina la kejeli, Please Rob Me, yaani niibieni tafadhali. Ukurasa huo ulikusanya tu matangazo ya watu waliosema kwa hiari yao kwamba wametoka nyumbani. Hapakuwa na neno hata moja la siri ndani yake. Hata hivyo kila aliyeutazama aliona jinsi mwizi anavyoweza kurahisishiwa kazi.

Mwaka 2012 likaja jambo baya zaidi. Kampuni moja ya Urusi ilitoa programu iitwayo Girls Around Me, iliyochukua matangazo ya Foursquare, ikayaunganisha na picha za Facebook, na kumwonyesha mwanamume yeyote wanawake waliokuwa karibu naye wakati ule, pamoja na nyuso zao na majina yao. Wanawake wale hawakujua. Hakuna aliyewauliza. Foursquare ilipoona kilio kimekuwa kikubwa iliufunga mlango wake kwa programu hiyo, nayo ikaondolewa sokoni. Tuzingatie kwamba watunzi wake hawakuvunja kufuli lolote. Walitumia mawe yaleyale, chokaa ileile na boriti zilezile ambazo kijana wa hakathoni huzikuta kiwanjani.

Wapo wanaodhani kwamba tatizo huondoka programu isipotaja mahali penyewe, ikataja umbali tu: fulani yuko mita 400 kutoka kwako. Nahodha yeyote atawaeleza kosa lao. Anayejua umbali wake kutoka kwenye minara 3 ya taa huchora duara 3 juu ya ramani, na pale zinapokutana ndipo kilipo chombo chake. Mwaka 2014 wataalamu wa usalama wa kompyuta walieleza kwamba watumiaji wa Tinder waliweza kupatikana kwa njia hiyohiyo, kwa sababu programu ilikuwa ikitoa umbali wao kwa usahihi uliopita kiasi. Kasoro hiyo ilirekebishwa, lakini funzo limebaki.

Na wasidhani wenye madaraka kwamba haya ni mambo ya wahuni na wezi tu. Mwezi Oktoba 2016, chama cha kutetea haki za raia katika jimbo la California kilifichua kwamba kampuni ya Geofeedia ya Chicago, iliyokuwa ikichota maandiko ya watu kwa kufuata mahali walipo, ilikuwa ikiwauzia polisi huduma hiyo na kuisifu kuwa inafaa kwa kuwafuatilia waandamanaji. Facebook, Instagram na Twitter zikaifungia mlango. Na mwezi Januari 2018 mwanafunzi mmoja wa Australia aligundua kwamba ramani ya mazoezi ya kukimbia, iliyotolewa na kampuni ya Strava miezi michache kabla, ilikuwa imezianika njia wanazokimbilia askari ndani ya kambi zao huko Syria na Afghanistan. Dola zenye nguvu kubwa zilijikuta zimesemewa siri zao na saa za mkononi za askari wao wenyewe. Wahenga walisema siri ya mtungi aijuaye kata. Kata ya zama hizi ni simu, na kata hii ina ulimi.

Yupo atakayetujibu kwamba mtu aliyeiweka picha yake hadharani amekubali mwenyewe itazamwe. Hoja hiyo tumeisikia mara nyingi, nayo ina nusu ya ukweli. Mwenye nyumba akiuacha mlango wazi wakati wa jua kali, ameufungulia upepo. Hajamkaribisha kila mpita njia aingie hadi chumbani. Mtu akienda Darajani kununua samaki, huonekana na mamia ya watu wala haoni haya. Lakini akitokea mtu wa kuandika kwamba saa 3 alikuwa Darajani, saa 5 alikuwa hospitali, saa 8 aliingia nyumba fulani na saa 12 alirejea kwake peke yake, hapo hatuiti tena kuonekana. Tunaita kufuatwa, na anayefuatwa ana haki ya kuogopa. Ubaya wa mambo tuliyoyataja haukuwa katika picha mojamoja. Ulikuwa katika kukusanya.

Isitoshe, wapo watu ambao hawakuweka chochote hadharani. Kilimo cha mwani cha biashara kilianza Paje na Jambiani mwaka 1989, na tangu wakati huo wengi wa wanaokifanya ni wanawake. Mgeni anapita ufukweni maji yakiwa yamekupwa, anampiga picha mama aliyeinama kwenye kamba zake, na simu yake inaandika ndani ya picha ile saa, tarehe na mahali. Jioni picha inakwenda duniani. Mama yule huenda hana simu ya aina hiyo, hajajiandikisha katika mtandao wowote, wala hajasoma masharti yoyote. Lakini kwenye ramani ya programu naye amekuwa nukta. Nani aliyempa hodi?

Na hapa tunataka mtunzi wa programu ajue tofauti ya visiwa na miji mikubwa. Programu nyingi za aina hii zilipimwa New York au San Francisco, ambako duara la kilomita moja hukusanya watu maelfu kwa maelfu wasiojuana, na mtu hujificha ndani ya wingi wao. Sensa ya mwaka 2022 ilituhesabu Wazanzibari 1,889,773, na wengi miongoni mwetu huishi katika vijiji ambavyo kila mtu humjua mtoto wa fulani. Duara lile la kilomita moja likiwekwa juu ya kijiji humeza kijiji kizima, na duara la mita 100 ni ua wa nyumba moja. Nukta isiyo na jina huko Manhattan haina maana. Nukta isiyo na jina huko Makunduchi au Micheweni ina jina kabla ya adhuhuri.

Je, tupige marufuku? La hasha. Marufuku humwondolea kijana kazi yake na humwachia mgeni soko. Tunachokitaka ni kwamba desturi yetu wenyewe iwe ndiyo kanuni ya ufundi, na desturi hiyo iko tayari. Kila mtoto wa visiwa hivi, chuoni na nyumbani, hufundishwa kwamba nyumba ya mtu haiingiliwi mpaka mwenyewe aitikie. Mgeni hubisha hodi. Akibisha mara tatu asijibiwe, hugeuza njia. Hasemi kwamba kimya ni karibu. Akikaribishwa barazani, hukaa barazani, haendi jikoni. Na akimaliza haja yake huaga, hachukui ufunguo akaondoka nao.

Kwa watunzi wa programu, mambo hayo manne yanatosha kuwa sharia. Kwanza, programu imuulize mtu kwa Kiswahili kinachofahamika kabla ya kumwonyesha kwa mwingine, na asiyejibu ahesabiwe amekataa. Pili, ruhusa ya jambo moja isigeuzwe ruhusa ya jambo jingine: aliyekubali kuwaonyesha ndugu zake alipo wakati wa safari ya boti hakukubali kuonyeshwa kwa muuza bidhaa. Tatu, palipo na shaka, itajwe shehia, isitajwe nyumba. Nne, safari ikisha, habari ya mahali ifutwe. Kijana mwenye akili ya kutunga programu kwa siku mbili hawezi kushindwa kuyatia haya manne ndani yake tangu saa ya mwanzo, na ni rahisi kuyatia wakati wa kujenga kuliko baada ya nyumba kwisha kuezekwa.

Kwa wanaoandaa mashindano, tunawashauri kwamba katika alama wanazogawa, sehemu iwe ya heshima kwa mtu asiyekuwamo ukumbini. Waamuzi waulize swali moja: yule ambaye hakuipakua programu hii, inamfanya nini? Kikundi kisicho na jibu kisipewe tuzo, hata kikiwa na ramani ya kupendeza namna gani.

Kwa viongozi na watendaji wa Serikali, tuna maneno mawili. La kwanza ni kwamba sheria ipo. Ibara ya 16 ya Katiba ya Jamhuri ya Muungano inailinda faragha ya mtu, familia yake na maskani yake, na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, inataka taarifa za mtu zikusanywe kwa lengo linalojulikana na zisitumiwe kwa lengo jingine. Sheria isiyofundishwa kwa mtunzi wa programu ni sawa na taa iliyofunikwa. Na mtendaji atakayemwendea kijana na kumtaka orodha ya nukta zake bila ya idhini ya sheria ajue kwamba anabomoa ukuta unaomlinda hata yeye mwenyewe, kama walivyojionea wenye kambi zile za Syria na Afghanistan.

La pili ni kwamba hodi haihitajiki mahali pa umma. Tangu mwaka 2016, Kamisheni ya Ardhi, kwa kushirikiana na Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar, Tume ya Sayansi na Teknolojia na Benki ya Dunia, imevipiga picha visiwa vyetu kwa ndege ndogo zisizo na rubani, na wanafunzi wetu wenyewe wameshiriki katika kazi hiyo. Huo ni utajiri. Wapewe vijana kila kinachohusu mahali: zilipo skuli na hospitali, vinapopita vyombo vya abiria na saa zake, yalipo madiko ya wavuvi, maji salama na vichochoro vya Mji Mkongwe, ambao tangu mwaka 2000 umo katika orodha ya urithi wa dunia. Kijana akikosa habari za mahali, hukimbilia habari za watu, kwa sababu hizo ndizo zilizotupwa njiani. Akipewa za kwanza kwa wingi, atapata kazi ya miaka mingi bila ya kumgusa mtu.

Nasi wananchi tusijitoe. Kabla ya kuweka picha ya mtoto, ya jirani au ya harusi ya watu, tuulize kwanza, na katika simu zetu tuizime sehemu inayotoa habari ya mahali pale tusipoihitaji. Hatuwezi kumdai fundi heshima ambayo sisi wenyewe hatuitunzi.

Visiwa hivi vimepokea majahazi na wageni wa kila namna kwa karne nyingi, na vilibaki na watu wenye staha kwa sababu mgeni aliijua bandari, akaijua barabara na akalijua soko, lakini mlango wa nyumba aliubishia. Vijana wetu wachore bandari, barabara na soko, wachore hadi mwamba wa mwisho. Mlangoni wabishe hodi, wasubiri jibu.